Wingu Limejaa Nini? Uchambuzi wa ukomo wa mashine pepe katika seva za taasisi zetu

Mashine kumi za kwanza zinawaka bila shida. Ya 11 inakataa. Ofisa TEHAMA anajaribu tena, anabadilisha jina, anapunguza ukubwa wa diski, lakini jibu ni lile lile: ukomo umefikiwa. Anampigia simu mkuu wake kumwambia wingu la taasisi limejaa. Wiki haijaisha, dokezo la kuomba fedha za seva mbili mpya liko mezani kwa Afisa Masuuli, ilhali seva zilizopo hazijatumika hata nusu.

Aliyewahi kufunga OpenStack anaijua hiyo namba 11. Programu hii huria, iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace ya Marekani, hutumiwa na taasisi nyingi duniani kujenga wingu lao wenyewe, na huja na mgawo wa kuanzia kwa kila mradi: mashine pepe 10, prosesa pepe 20, RAM ya MB 51,200, diski za ziada 10 zenye jumla ya GB 1,000. Mgawo huo hauangalii ukubwa wa seva zilizonunuliwa. Umeandikwa tu kwenye mipangilio, na msimamizi huubadilisha kwa amri moja.

Huo ndio ukomo mwepesi kuliko wote, na hata huo umewahi kuandikiwa madokezo ya manunuzi. Hoja yangu ni kwamba neno "limejaa" peke yake halitoshi kuwa sababu ya kununua chochote. Wingu lina vipimo vingi, na kila kimoja hujaa kwa wakati wake: RAM huisha diski zikiwa na nafasi, anwani za mtandao huisha RAM ikiwa bado ipo. Mara nyingi kinachokuwa kimekwisha ni ahadi zilizogawiwa bila hesabu, na ahadi mbovu haiponi kwa kuongezewa chuma.

Jambo hili la chumba cha seva linamhusu moja kwa moja mtu wa Vugiri. Vugiri ni kata ya Wilaya ya Korogwe, juu katika Milima ya Usambara Magharibi, kwenye ukanda wa chai jirani na Ambangulu. Zahanati au shule ya huko haihitaji seva yake. Lakini katika miaka kumi hivi iliyopita sehemu kubwa ya shughuli za umma zinazomgusa mwananchi wa kata imehamia kwenye mifumo ya pamoja. Malipo ya serikali yanapita GePG tangu 2017, kwa kumbukumbu namba. Hesabu za zahanati na shule zinaandikwa katika FFARS. Pale GoTHoMIS ilipofungwa, taarifa za mgonjwa ziko humo. Tangu 2023 manunuzi yanapita NeST, iliyochukua nafasi ya TANePS, mpaka ya mwalimu mkuu anayetafuta mifuko ya saruji. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliifanya eGA, wakala wa serikali mtandao, kuwa mamlaka kamili, na msimamo wake umekuwa taasisi zitumie miundombinu ya pamoja badala ya kila ofisi kujijengea chumba chake.

Nauunga mkono msimamo huo bila kusita. Halmashauri ya Korogwe au ya Handeni haina sababu ya kulipia jenereta, viyoyozi na mhandisi wa zamu ya usiku kwa ajili ya seva tatu. Lakini tukikusanya mizigo mahali pamoja, kosa la hesabu nalo linakusanyika. Zamani seva ya ofisi moja ikizidiwa, ofisi hiyo moja ndiyo iliyosimama. Leo wingu likiahidi kuliko linavyoweza kutoa, mama aliyeshuka mlimani na mtoto mgongoni anaambiwa asubiri, na mwenzake katika kata nyingine mamia ya kilomita kutoka hapo anaambiwa hivyo hivyo saa ile ile.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani. IBM ilikuwa ikigawa kompyuta moja kubwa iwe nyingi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa VM/370 kwa wateja wake. VMware ilianzishwa 1998 ikaleta jambo hilo kwenye kompyuta za kawaida, Xen ikafuata 2003 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, na KVM ikaingia ndani ya Linux mwaka 2007. Msingi haujabadilika: seva moja ya kweli hubeba mashine nyingi pepe, kila moja ikiamini ina prosesa, RAM na diski zake. Faida inatokana na ukweli kwamba mashine hizo hazidai zote kwa wakati mmoja, hivyo mwenye seva anaweza kuahidi zaidi ya alicho nacho. Tatizo ni kujua zaidi kwa kiasi gani.

Tuchukue taasisi yenye seva 4, kila moja RAM ya GB 256. Kwenye taarifa ya mkurugenzi itaandikwa GB 1,024. Programu inayoendesha seva yenyewe nayo inakula. Tuiachie GB 16 kwa kila seva, zinabaki 960. Kisha liko swali ambalo wengi huliruka: seva moja ikifa usiku, mashine zilizokuwa juu yake zitahamia wapi? Ni lazima zihamie kwenye tatu zilizobaki, kwa hiyo nafasi ya seva moja nzima haipaswi kugawiwa mtu. Zinabaki GB 720. Kati ya namba ya kwenye taarifa na namba inayoweza kuahidiwa bila kumdanganya mtu kuna tofauti ya GB 304, karibu theluthi moja ya mali yote.

Hapa ndipo VMware humkatalia msimamizi kuwasha mashine mpya hata kama skrini inaonyesha RAM ipo. Mfumo wake wa kulinda dhidi ya kufa kwa seva umehifadhi ile nafasi, na unakataa kuigusa. Msimamizi mwenye haraka hugundua kwamba akiuzima ulinzi huo mashine inawaka, na kila mtu anampongeza. Nimesikia tendo hilo likiitwa ufumbuzi. Ni kuitumia akiba ya dharura siku ambayo hakuna dharura, na siku seva moja itakapoungua ugavi wa umeme, mashine kadhaa zitabaki bila pa kwenda, pengine iliyo muhimu kuliko zote ikiwa mojawapo.

Upande wa prosesa kuahidi zaidi ni jambo la kawaida na salama kwa kiasi. Seva zetu 4 zikiwa na viini 32 kila moja, tuna viini 128, au nyuzi 256 kwa prosesa zinazoendesha nyuzi mbili kwa kila kiini. Kwa miaka mingi OpenStack ilikuja na uwiano wa 16 kwa 1 kwenye prosesa na 1.5 kwa 1 kwenye RAM. Maana yake ni kwamba nyuzi 256 zinaruhusiwa kuahidiwa kama prosesa pepe 4,096. Kwa mashine za majaribio, zinazolala siku nzima, uwiano huo unavumilika. Kwa hifadhidata ya malipo ni hatari, na wasimamizi wa siku hizi huanza na 4 kwa 1 au chini yake. Na ule wa RAM naupinga kabisa kwa mifumo ya huduma. Prosesa ikigombewa kazi hupungua mwendo. RAM ikikosekana, seva huanza kuandika kumbukumbu zake kwenye diski, au kuua kazi moja ili nyingine ziishi.

Diski zina hesabu chungu zaidi. Ceph, mfumo wa hifadhi unaoambatana mara nyingi na OpenStack, huweka nakala tatu za kila kitu. Ukinunua TB 100, umenunua nafasi ya TB 33 hivi. Lakini seva moja kati ya nne ikifa, TB 25 za diski ghafi zinaondoka nayo, na mfumo utajaribu kutengeneza upya nakala zilizopotea kwenye TB 75 zilizobaki, ambazo kwa nakala tatu ni TB 25 za data. Ceph huanza kupiga kelele ikifika asilimia 85, na ikifika asilimia 95 inakataa kuandika kabisa. Asilimia 85 ya TB 25 ni TB 21 na kitu. Huyu mtu aliyeidhinishiwa fedha za TB 100 ana TB 21 za kuahidi. Mwenye kasma akielezwa hivyo mapema ataelewa. Akielezwa baada ya mwaka, itakuwa hoja ya ukaguzi wa CAG.

Juu ya hapo kuna desturi ya kugawa diski kwa maneno: mashine inaambiwa ina GB 500 lakini inapewa nafasi kadiri inavyoandika. Mashine 10 za namna hiyo juu ya hifadhi ya TB 3 ni ahadi ya TB 5. Zinaishi vizuri miezi mingi, kisha usiku mmoja logi za mashine moja zinavimba, hifadhi inafika ukingoni, na mashine zote zinasimama kwa pamoja, zikiwemo zisizo na kosa. Kufuta mafaili ndani ya mashine hiyo mara nyingi hakurudishi nafasi kwenye hifadhi papo hapo, kwa sababu hifadhi haijui kwamba yamefutwa mpaka iambiwe. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na amri ya fstrim, ikiwa diski pepe imeruhusiwa kupokea taarifa hiyo. Nimewaona vijana hodari wakifuta mafaili kwa saa nzima na kipimo cha hifadhi hakisogei, wakaanza kudhani kipimo ni kibovu.

Mwizi mwingine wa diski ni snepshoti. Fundi huipiga kabla ya kusasisha programu ili akiharibu arudi nyuma, na hiyo ni busara. Programu ikikubali anafurahi, anakwenda nyumbani, snepshoti inabaki. Tangu saa ile kila kinachobadilika kwenye mashine kinaandikwa kwenye faili la pembeni linalokua bila kuchoka. VMware wenyewe wanashauri snepshoti isizidi saa 72. Ukiingia kwenye wingu lililosemwa limejaa, tafuta snepshoti za zamani kabla ya kitu kingine chochote, na kabla ya kuzifuta hakikisha ipo nafasi ya kuziunganisha, maana kuunganisha nako kunahitaji diski.

Kuna kisa kinachowachanganya hata wazoefu. Jumla inaonyesha GB 80 za RAM ziko huru, unaomba mashine ya GB 32, unajibiwa kwamba hakuna seva inayofaa. Ni kama familia ya watu wanne iliyofika stendi ya Korogwe ikitaka kusafiri pamoja, ikakuta mabasi manne na kila moja limebakiza kiti kimoja. Viti vipo vinne, safari haipo. Kila seva kati ya zile nne imebakiwa na GB 20, na mashine pepe moja haiwezi kukaa nusu huku nusu kule. Dawa ni kuhamisha mashine ndogo ndogo kutoka seva moja kwenda nyingine ili nafasi ikusanyike mahali pamoja. Kazi ya saa chache, inayofanyika mashine zikiwa zinaendelea kutoa huduma. Masharti nayo hubana: hifadhidata mbili zikiwekewa amri ya kutokaa kwenye seva moja, au mashine ikifungwa kwenye aina fulani ya prosesa, idadi ya seva zinazofaa inapungua hadi moja au sifuri, na ujumbe wa kosa unabaki ule ule.

Kabla ya kuhamisha, angalia kama leja inasema kweli. Ndani ya OpenStack kuna huduma inayoandika nani ametumia nini kwenye seva ipi, na kipanga mashine huiamini leja hiyo. Uhamisho ukikatika katikati, umeme ukizimika au fundi akifuta mashine kwa njia ya mkato, leja inaweza kubaki na mizigo ya mashine ambayo haipo tena. Seva iko tupu, kitabu kinasema imejaa. Hapo linganisha orodha ya leja na orodha ya mashine zinazoendeshwa kweli kwenye kila seva, moja moja. Hiyo kazi inachosha, wala haina sifa ofisini, lakini imewahi kurudisha nafasi ambayo watu walikuwa tayari kuinunua.

Anwani za IP nitazipitia upesi. Mtandao wa kawaida wa ndani una anwani 256. Ondoa mbili za mwanzo na mwisho, ondoa ya lango, zinabaki 253, na wingu lenyewe linachukua nyingine kwa huduma zake. Mashine zilizofutwa zikiacha milango yao wazi, anwani haziachiliwi. Kosa linalotokea hapo mara nyingine hutafsiriwa kama ukosefu wa seva, kwa sababu mfumo hujaribu seva moja baada ya nyingine, zote zinashindwa kuunganisha mtandao, na ujumbe unaomfikia mtumiaji ni ule wa jumla: hakuna seva inayofaa. Sababu ya kweli iko kwenye logi ya seva ya kwanza iliyojaribiwa, mistari kadhaa juu. Asiyesoma logi hawezi kutatua ukomo wowote.

Mashine inayokataa kuwaka angalau inatoa taarifa. Inayosumbua wananchi zaidi ni ile iliyowaka na inakokota. Kwa hiyo nitakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo wanapoishi watumiaji wetu.

Ingia kwenye mashine ya Linux iliyozidiwa, andika top, tazama mstari wa prosesa juu ya skrini. Una vifupisho vya herufi mbili mbili, na viwili kati ya hivyo vinaokoa siku nyingi za ubishi. Kile cha wa huonyesha muda ambao prosesa imekaa bure ikiingoja diski. Kile cha st, cha mwisho kabisa kulia, huonyesha muda ambao mashine pepe ilitaka kufanya kazi lakini seva iliyoibeba ikawapa zamu wengine. Ikiwa wa iko juu, kuongeza prosesa ni kupoteza fedha. Ikiwa st iko juu, tatizo haliko ndani ya mashine yako hata kidogo, na mwenye programu asilaumiwe; seva imeahidiwa kwa wengi mno. Kwenye VMware hiyo st kwa kawaida haionekani kutoka ndani, hivyo lazima aliye na funguo za seva atazame muda wa kusubiri zamu kutoka upande wake. Kwa hiyo mwenye mfumo na mwenye wingu, ambao mara nyingi wako ofisi mbili tofauti, hawana budi kuangalia namba zao kwa saa ile ile. Wakiandikiana barua, barua ya pili itafika tatizo likiwa limeshahama.

Kwenye prosesa kuna jambo linalokwenda kinyume na hisia. Mfumo ukikokota, mwenye nao huomba prosesa pepe ziongezwe kutoka 4 hadi 16. Kwenye seva iliyobanwa, kipanga zamu sasa kinapaswa kuzitafutia prosesa zote 16 nafasi zinazokaribiana, na mashine inaweza kwenda polepole kuliko mwanzo, huku ikiwanyima zamu majirani zake. Kupunguza kumewahi kuwa dawa. Najua ni vigumu kumwambia mkurugenzi kwamba mfumo wake utakwenda kasi akipunguziwa, lakini vipimo viko wazi na vinaweza kuonyeshwa mbele yake.

Diski nazo zina kasi mbali na ukubwa. Diski moja ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika hutoa takriban operesheni 75 hadi 100 kwa sekunde za kusoma huku na huko. Kumi na mbili za namna hiyo haziendi mbali zaidi ya 1,000, hata kama zina makumi ya terabaiti, wakati diski moja ya SSD hutoa makumi ya maelfu. Taasisi inayonunua kwa kuangalia terabaiti kwa shilingi itapata hifadhi kubwa inayosongwa na mashine chache. Ukiangalia asilimia ya nafasi iliyojaa utaona 40 na kuridhika, kumbe kipimo kilichojaa ni kingine ambacho hakimo kwenye ripoti ya mwezi.

Hayo yote yanachukulia kwamba mahitaji ni ya kweli na kwamba yamefika kwenye wingu. Si lazima. Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za eCitizen, mfumo wa serikali mtandao wa Kenya, zilikwama, na Waziri Eliud Owalo akaeleza kwamba mfumo ulishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita kawaida. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Kwa mtu aliyekuwa akitazama kipimo cha prosesa tu, shambulio la namna hiyo linafanana kabisa na mafanikio ya huduma iliyopendwa. Kuongeza seva mbele ya mafuriko ya uongo ni kumlisha mshambuliaji. Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa kinyume chake: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikalegea Tanzania na nchi jirani, na seva zilizokuwa ndani ya nchi zikiwa nzima zilionekana kwa baadhi ya watumiaji kama zimezidiwa.

Kwa kata ya mlimani swali la njia lina uzito wa pekee. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, hatua kubwa, na yenyewe ni ushahidi wa ukubwa wa pengo lililokuwepo. Mhudumu wa zahanati akisema mfumo ni mzito, kipimo cha kwanza kichukuliwe akiwa Vugiri na simu yake, kwa kufungua ukurasa mwepesi wa mfumo ule ule. Ukurasa mwepesi ukifika upesi na ule wa kuhifadhi mgonjwa ukachelewa, tafuta kwenye wingu. Vyote viwili vikichelewa, anza na mnara. Hilo linachukua dakika chache, na mafundi waliokaa Dodoma au Dar es Salaam hawawezi kulifanya kwa niaba yake, wanahitaji kumuuliza.

Kuna vipindi ambavyo kila mtu anavijua na bado vinatukuta hatujajiandaa. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na siku za mwisho za Juni ofisi za nchi nzima zinaingiza malipo kwa pamoja. Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, wazazi na watahiniwa kote nchini wanafungua ukurasa mmoja ndani ya saa moja. Wingu lililopimwa mwezi Septemba halikupimwa. Faida halisi ya kuwa na wingu ni kwamba mashine za majaribio na za mafunzo zinaweza kuzimwa wiki hiyo, na nafasi yake wakapewa wenye msongamano. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuzima mashine za idara nyingine, na mamlaka hiyo lazima iandikwe kabla, kwa sababu siku ya msongamano hakuna idara inayojitolea.

Nikiulizwa ni ukomo upi unaotuumiza kuliko wote, nitataja mashine zisizo na mwenyewe. Mradi wa miaka mitatu unakuja na mfadhili, unapewa mashine sita, unafungwa kwa hafla na picha. Mashine zinabaki zikiwaka. Mtaalamu aliyezijenga amehamia shirika jingine, nywila hazijulikani, na hakuna anayethubutu kuzima kwa kuogopa kwamba huenda kuna mtu anazitegemea. Miaka inapita, mifumo yake haisasishwi, zinakula RAM na diski na kugeuka mlango wa wadukuzi. Nafasi ya namna hii haionekani katika kipimo chochote, kwa kuwa kwa mujibu wa leja inatumika kihalali. Dawa yake ni ya kiutawala: kila mashine iandikwe jina la cheo kinachoimiliki na tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika bila mtu kuiongeza, izimwe kwanza, ihifadhiwe nakala, kisha baada ya muda uliotangazwa ifutwe.

Tangu Novemba 2023 umeongezeka ukomo wa leseni. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware tarehe 22 mwezi huo, na kabla mwaka haujaisha ikaacha kuuza leseni za kudumu na kuhamia malipo ya kujiunga yanayohesabiwa kwa kiini cha prosesa. Seva yenye viini vingi, ambayo jana ilikuwa nafuu, leo ina gharama ya kila mwaka hata ikiwa haina kazi. Taasisi duniani kote zimeanza kutazama Proxmox na OpenStack kwa jicho jipya. Nashauri nasi tutazame, lakini kwa kuhesabu watu: programu huria haina ada ya leseni, ina mahitaji ya wahandisi wanaoielewa na wanaobaki kazini. Taasisi yenye mhandisi mmoja tu aliyejifunza OpenStack ina ukomo wa mtu mmoja, na huyo akipata kazi Kigali au Muscat wingu zima limefika mwisho wake.

Na ukubwa usiwe kisingizio cha kuacha nakala rudufu. Septemba 26, 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, mifumo zaidi ya 600 ikazimwa, na hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma iliyoitwa G-Drive ikapotea ikiwa na TB 858. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala nje ya jengo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi ile ni miongoni mwa zinazosifiwa zaidi duniani kwa serikali mtandao. Mwenye kupanga uwezo wa wingu aingize nakala rudufu kwenye hesabu ya kwanza kabisa, na asiyeweza kuinakili data yake hajafikia uwezo wa kuihifadhi.

Kuna wakati, baada ya yote haya, jibu linakuwa kununua. Leja ni safi, snepshoti zimefutwa, mashine zisizo na mwenyewe zimezimwa, uwiano ni wa busara, na bado msongamano wa kazi halali unagusa ile akiba ya seva moja. Hapo kuchelewa ni kosa, kwa kuwa kuanzia zabuni hadi seva kufungwa inaweza kupita miezi mingi. Taasisi inapaswa kuomba ikiwa imebakiwa na nafasi ya kutosha kwa kipindi chote hicho cha kusubiri, na itaijua tu kama imekuwa ikiandika matumizi yake kila wiki.

Kwa hiyo, ndugu ofisa TEHAMA wa halmashauri au wa taasisi yoyote yenye seva zake, kabla ya kuandika dokezo la manunuzi la mwaka ujao wa fedha, andika kwanza ukurasa mmoja. Taja ni kipimo gani kimekwisha kati ya RAM, prosesa, nafasi ya diski, kasi ya diski, anwani, leseni na mgawo. Kimekwisha kwenye seva ipi na tangu lini. Mashine zipi hazina mwenyewe. Na ni kiasi gani kinabaki seva moja ikifa leo usiku. Ambatanisha kipimo kilichochukuliwa kwenye zahanati iliyo mbali kuliko zote katika eneo lako. Nawe Afisa Masuuli, usiidhinishe seva hata moja mpaka ukurasa huo uwe umefika mezani kwako.